Biogesi ya kuba la matofali: mtambo mzuri kwa mwenye maji karibu

Mtambo tunaoupima hapa ni ule wa matofali unaofukiwa ardhini, ambamo samadi na maji hutoa gesi ya kupikia inayojikusanya chini ya kuba, wa mita za ujazo 6, uliosambazwa kwa wafugaji wa Uganda chini ya mpango wa biogesi ya majumbani ulioanza mwaka 2009. Ramani yake ilitoka CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini cha Arusha, Tanzania, ikarekebishwa kidogo. Hukumu yetu tunaitanguliza, asiye na muda aende zake: kwa familia ya watu sita hadi wanane yenye ng'ombe wawili wa kisasa wanaolishwa bandani, na maji yakiwa hapo hapo bomani, hatujaona kifaa cha kupikia kijijini kinachoupita. Kwa familia yenye ng'ombe kumi wa kienyeji wa Ankole wanaochungwa kutwa, na kisima kikiwa kule bondeni, mtambo huo huo ni shimo la gharama kubwa.

Tangu agizo la rais la Mei 2023 lililopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika wilaya za kaskazini, maswali kuhusu biogesi yameongezeka, na wauzaji nao. Wengi wao huanza na swali moja: una ng'ombe wangapi? Swali hilo halina msaada. Uulizwe hivi: asubuhi unazoa ndoo ngapi?

Mtambo wa mita 6 unakula kilo 40 hadi 50 za samadi mbichi kila siku, na maji kiasi hicho hicho. Ndoo ya lita 20 iliyojaa samadi mbichi ina uzito wa kilo 20 hivi. Kwa hiyo ni ndoo mbili hadi mbili na nusu za samadi na jerikeni mbili hadi mbili na nusu za maji: leo, kesho, Krismasi, Idi na siku ya msiba. Friesian aliyeshiba anayekaa bandani hutoa kilo 20 na zaidi kwa siku. Ng'ombe wa kienyeji anayerudi jioni kulala zizini huacha kilo tano au sita za kuzoleka, na nyingine zimeshakanyagwa zikachanganyika na udongo. Kumi wa namna hiyo wanaweza kutosha kwa hesabu ya karatasini, lakini udongo unaoingia nao utakaa chini ya mtambo na kuujaza mwaka hadi mwaka. Kabla hujampa fundi hata shilingi moja, zoa samadi siku saba mfululizo na uandike ndoo. Wastani ukiwa chini ya mbili, mtambo wa mita 6 utakuwa na njaa maisha yake yote. Kinyesi cha nguruwe kinafaa sana. Cha kuku kina amonia nyingi, kichanganywe kidogo kidogo na cha ng'ombe.

Maji ndiyo yanayoangusha mitambo mingi kuliko samadi. Familia inapata ng'ombe, inapata mkopo, inajenga, kisha Januari kisima kinashuka na watoto wanaanza kuchota maji mbali. Mtambo unakosa jerikeni zake wiki moja, mbili, samadi inaingizwa ikiwa nzito, inaziba bomba la kuingilia, basi. Hesabu yake ni rahisi: lita 45 kwa siku kwa kiangazi cha siku 90 ni karibu lita 4,000. Tangi la mvua la lita 5,000 linabeba mtambo msimu mzima, mradi lisichotewe kufulia. Bati la mita za mraba 40 hupokea lita 40 kwa kila milimita ya mvua, kwa hiyo mvua kubwa chache tu zinalijaza. Mkojo wa ng'ombe nao unahesabika kama maji. Sakafu ya banda ikiwa na simenti na mteremko unaoelekea kwenye tangi la kuchanganyia, jerikeni moja kati ya hizo mbili inaweza kupumzika. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu, anza na sakafu na tangi la mvua. Mtambo utasubiri.

Ujenzi, pale fedha inapopotea

Kuba huonekana kazi ya kawaida ya matofali, na hapo ndipo mafundi wa nyumba hukosea. Nyumba ikipata ufa mwembamba kama unywele, hakuna anayejali. Kuba likipata ufa huo, gesi yote inakwenda na upepo.

Anza na vifaa. Tofali la kuchoma lililoiva hulia likigongwa na jenzake. Lisiloiva hutoa mlio wa kitu kilichojaa maji, na ukiliacha liangukie ardhi ngumu toka usawa wa kifua linapasuka. Mchanga upime kwa chupa ya kioo: jaza nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha hadi maji yatulie. Tabaka la tope juu ya mchanga likiwa nene kupita kipande kimoja kati ya ishirini, mchanga huo uoshwe au urudishwe. Fundi anayekasirika ukifanya kipimo hiki, tafuta mwingine.

Shimo lisiwe chini ya mti, kwa sababu mizizi ya ficus na mparachichi hufuata unyevu hadi ndani ya ukuta. Liwe mita 10 au zaidi kutoka kisimani, karibu na zizi kuliko jiko, kwa maana gesi inatembea yenyewe kwenye bomba na samadi inabebwa na mtu. Mita 20 za bomba hadi jikoni hazina taabu.

Ndani ya kuba, plasta haipigwi mara moja. Ni tabaka juu ya tabaka: uji wa simenti tupu, plasta nyembamba ya simenti moja kwa mchanga tatu, uji tena, plasta tena, na la mwisho ni simenti iliyochanganywa na rangi ya maji ya akriliki inayoziba vitundu. Kila tabaka linamwagiwa maji lisikauke haraka. Kuba zima likae na unyevu siku saba. Kisha linafukiwa kwa udongo unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na juu yake kubaki nusu mita ya udongo. Udongo huo una kazi: gesi ikijaa inasukuma kuba kwenda juu, na uzito wa udongo ndio unaolizuia lisipasuke. Tumeona kuba lililokuwa zima miaka mitatu likapata ufa baada ya mvua kuosha udongo wake na mbuzi kuligeuza mahali pa kulala. Panda nyasi za kutambaa juu yake, si migomba.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Kabla samadi haijaingia, mtambo ujazwe maji, koki kuu ifungwe, na hewa iliyobanwa chini ya kuba isukume kipimo cha presha. Piga alama ya mkaa pale maji yalipofika katika chumba cha kutolea tope. Rudi kesho saa ile ile. Alama na maji vikiwa mbali kwa zaidi ya upana wa vidole viwili, kuba linavuja na plasta irudiwe kabla ya samadi kuingia. Kwenye mkataba andikeni kwamba sehemu ya malipo, tuseme moja ya tano, inabaki mkononi mwako hadi kipimo hiki kipite na mwali uwake jikoni. Maneno hayo yamewatuliza mafundi wengi wenye haraka.

Bomba la nusu inchi kutoka kwenye kuba lielekee kwenye mtego wa maji kwa mteremko usiokatika. Gesi hutoka na mvuke, mvuke hugeuka maji usiku, na maji hutafuta bonde la bomba. Bomba likiwa na tumbo mahali fulani, mwali utakuwa ukipumua: unapanda, unashuka, unapanda. Usimlaumu ng'ombe. Fungua mtego, mwaga maji, na kama hali inarudi kila wiki, chimbua bomba ulinyooshe. Kati ya kuba na koki kuu pasiwe na kiungo hata kimoja, maana kiungo hicho kikivuja huna koki ya kukizuia. Viungo vingine vipakwe povu la sabuni; panapovuja patatoa malengelenge. Kamwe usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Ujazo wa kwanza ni tani mbili hivi za samadi na maji kiasi hicho hicho. Anza kuikusanya wiki kadhaa mapema, kwenye kivuli na ikiwa na unyevu, au ombeni jirani. Gesi ya kwanza huonekana ndani ya wiki moja hadi tatu, na haiwaki, kwa sababu sehemu yake kubwa ni hewa ukaa. Itoeni nje mara mbili tatu. Familia nyingi hupiga simu siku hiyo kulalamika kwamba zimeuziwa kitu kibovu. Vumilieni siku chache.

Jikoni

Kilo 45 za samadi hutoa gesi lita 1,700 kwa siku. Jiko la kichwa kimoja, moto ukiwa umefunguliwa wote, hutumia lita 350 kwa saa. Kwa hiyo ni saa nne na nusu hadi tano za moto, sawa na kilo mbili na nusu za mkaa kila siku, kilo 75 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya mkaa ya senta yako, yaani kituo cha biashara cha kijijini, na utajua mtambo wa mamilioni kadhaa ya shilingi utajilipa baada ya miaka mingapi. Anayeokota kuni bure hataona fedha hiyo. Yeye faida yake ni saa na macho yasiyowasha.

Chai ya lita mbili huchemka kwa dakika kumi hivi. Katogo la asubuhi, yaani matoke (ndizi za kupika) yaliyopikwa sufuria moja na kitoweo, linaiva vizuri, na sufuria haitoki na masizi. Kwenye posho, yaani ugali, kuna kasoro ya kiwanda: majiko mengi ya biogesi yana miguu myembamba, na mpishi akianza kusonga posho ya watu wanane, jiko linacheza na mpira wa gesi unavutwa. Lifungeni juu ya meza ya matofali, au mlijengee fremu ya chuma cha pembe. Na msijaribu kuunganisha jiko la gesi ya mtungi bila kupanua tundu la kichwa chake: biogesi ina nguvu ndogo sana ukilinganisha na gesi ya mtungi, na mwali utatoka kama wa mshumaa.

Mwali mzuri ni wa buluu na unashikilia kichwa cha jiko. Ukiwa wa njano na kuacha masizi, hewa ni kidogo. Zungusha pete ya hewa iliyo kwenye shingo ya jiko. Ukiruka na kuzimika, hewa ni nyingi au presha iko juu, punguza koki.

Kisha kuna matoke. Hapa wauzaji hunyamaza. Matoke yaliyofungwa kwenye majani yanataka mvuke saa mbili hadi tatu, na maharagwe makavu yasiyolowekwa yanataka saa tatu. Hata kwa moto mdogo, kila kimoja kinakula theluthi ya gesi ya siku. Pikeni vyote viwili siku moja na chai ya jioni itarudi kwenye sigiri ya mkaa. Wengi wanaosema biogesi haitoshi wana shida hii tu.

Dawa ya maharagwe ni kapu la joto, na linagharimu karibu bure. Chukua kapu la kusukwa ambalo sufuria inaingia na kubakiza nafasi ya kiganja kila upande. Jaza nafasi hiyo, na chini pia, kwa majani ya mgomba yaliyokauka kabisa au vitambaa vilivyokatwa, kisha shona mto wa kufunika juu. Maharagwe yalowekwe usiku, maji yamwagwe, yachemke kwa nguvu dakika 20 kwenye gesi, kisha sufuria iingie kapuni na mfuniko wake bila kufunguliwa kwa saa tatu au nne. Zile dakika 20 si za kupunguza: maharagwe mekundu yana sumu inayokufa kwa kuchemka kweli, si kwa joto la kapuni. Maji yawekwe pungufu, kwa maana hayapotei kwa mvuke. Sufuria iwe imejaa theluthi mbili au zaidi, kwani sufuria tupu hupoa mapema. Wali huchemka dakika tano na kukaa kapuni saa moja. Nyama irudishwe motoni ichemke kabla ya kuliwa.

Matoke kwenye kapu hayajatushawishi. Yanalainika, ila ule utelezi na rangi ya dhahabu unaotoka kwa mvuke usiokatika haupo, na mama wa Buganda atakwambia hivyo kabla hujameza. Yabaki kwenye jiko la udongo la kuni chache, au yapewe gesi siku isiyo na maharagwe. Familia inayotegemea biogesi kwa asilimia mia itaichukia. Inayoitegemea kwa milo mitatu kati ya minne itaipenda.

Kinachoua mtambo

Sababu ya kwanza ni dawa ya kupe. Ng'ombe wananyunyiziwa wakiwa bandani, dawa inatiririka sakafuni, mfereji unaipeleka moja kwa moja kwenye tangi la kuchanganyia, na bakteria waliokuwa wakitengeneza gesi wanakufa. Siku ya kunyunyizia, ziba mfereji kwa kitambaa na udongo, nyunyizia nje ya banda ikiwezekana, na maji ya kwanza ya kuoshea sakafu yaende kwingine. Vivyo hivyo kwa samadi ya ng'ombe aliye kwenye dozi ya antibiotiki, maji ya sabuni na dawa za kuua vijidudu.

Maganda ya matoke wengi huyatupia humo kwa nia njema. Yanaelea, yanaungana na nyasi na kufanya gamba gumu juu ya tope, na gesi inashindwa kupenya. Mpe ng'ombe maganda, ng'ombe atayaleta mwenyewe. Majani marefu ya malisho yaondolewe kwa mkono wakati wa kuchanganya, na mchanganyiko upite kama uji usio na mabonge.

Huko milimani Kabale na Kisoro usiku ni baridi, na bakteria hawa hulegea joto likishuka chini ya nyuzi 20. Tarajieni gesi pungufu kuliko ya Masaka. Udongo mnene juu ya kuba husaidia, na maji ya kuchanganyia yawe yamekaa juani hadi saa saba mchana.

Mpira wa gesi hukauka na kupasuka pale unapopinda nyuma ya jiko; ubadilishwe kila mwaka au miaka miwili, hata kama unaonekana mzima. Panya huutafuna pia. Koki kuu ifungwe kila usiku. Harufu ya yai bovu jikoni maana yake gesi inavuja: fungueni madirisha, msiwashe kitu.

Vifuniko vya zege vya chumba cha kutolea visiondolewe kuachwa wazi, kuna watoto na kuna ndama. Na mtu asiingie ndani ya mtambo uliowahi kufanya kazi, hata kama umekaa bila kulishwa miezi kadhaa. Gesi iliyobaki huua kabla mtu hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa naye haponi.

Tope

Kila unachoingiza asubuhi kinasukuma kiasi kama hicho nje upande wa pili, na kwa mkulima wa migomba hapa ndipo mtambo unapolipa zaidi ya jikoni. Nitrojeni ya samadi haijapotea ndani ya kuba. Imegeuka kuwa umbo ambalo mmea unaipata mapema, lakini umbo hilo hilo huruka hewani likipigwa na jua. Tope lililoachwa wazi kwenye dimbwi wiki mbili limebaki na harufu tu. Chimba mashimo mawili yanayopokezana, yafunike kwa paa la majani, tupia humo mabua na majani makavu yanyonye maji. Ukitaka kulitumia likiwa bichi, peleka jioni: ndoo moja kwa shina, kwenye mfereji wa duara hatua moja kutoka kwenye mgomba, kisha funika kwa udongo na matandazo. Usimwage kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Mahali penye mteremko shimo liwe juu ya shamba, tope lishuke lenyewe kwa mfereji, maana hakuna kijana atakayebeba ndoo mbili za tope kila jioni mwaka mzima.

Taa ya biogesi inayouzwa pamoja na mtambo muikatae. Inakula gesi ya kupikia, utambi wake huvunjika kwa kuguswa, na paneli ndogo ya sola inatoa mwanga bora.

Mitambo ya mfuko wa plastiki ni rahisi na inafungwa kwa siku moja, lakini jua, mbuzi na kwato ni maadui zake, na ikitoboka haizibiki kirahisi. Kwa mwenye kibanja cha kukodi inaingia akilini, kwa sababu unahama nayo. Kwa asiyefikisha ndoo mbili, nunueni sigiri yenye kikombe cha udongo kisicho na nyufa, mfume kapu la joto, na fedha iliyobaki iingie kwenye tangi la maji.

Siku ya kukabidhiwa, fundi awashe jiko mbele yenu, awaonyeshe kumwaga mtego wa maji kwa mikono yenu wenyewe, na awaachie mpira mmoja wa akiba pamoja na vibano vyake viwili. Vibano hivyo ndivyo vigumu kupata senta Jumapili usiku.